Tundu Shavuni mwa Malkia

3 Mei 1966, Maskat

Daftari hili Harub aliniletea kutoka Matrah nifundishie wale wasichana watatu wanaokuja kwangu asubuhi kushona kofia. Kurasa za mbele ni zao. Za nyuma nimezichukua mimi. Nina wasiwasi, na nikiutoa kwa mdomo mume wangu huniambia, "Muhsina, ushaanza." Daftari haliniambii nimeanza.

Wasiwasi wenyewe ni huu. Tumetoka Unguja miaka miwili sasa, na hapa tunakaa kwa kibali. Kibali kinatiwa saini kila Julai na mdhamini wetu, Shekhe Marhoon, mkubwa wa mtaa, ambaye nyumba yake imepakana na yetu. Akitia saini tunakaa. Asipotia tunapanda chombo, na sijui kitatushusha wapi, maana Unguja haturudi. Ikifika Mei huanza kuutazama mkono wa kulia wa mzee yule namna watu wanavyoutazama mkono wa daktari aliyeshika sindano.

Na mimi nina kitabu.

4 Mei

Joto. Wasichana wameshona mstari mmoja tu.

8 Mei

Niandike habari ya kitabu, ili nikisoma huko mbele nijue nilikuwa nimeshikilia nini.

Baba yangu, Mzee Thabit, alikuwa mshona vitabu Unguja. Misahafu iliyochakaa, madaftari ya mahakama, vitabu vya shule, vyote vilipita mikononi mwake. Mwaka niliozaliwa Mzungu mmoja wa meli alimwachia kitabu kilichong'oka jalada, akasema atakirudia, hakurudi. Baba alimwekea miaka ishirini na mitano, akikipigia jua na kukifuta, kwa sababu ni amana. Alipofariki, mwaka mmoja kabla ya mapinduzi, nilikirithi pamoja na kisu chake, sindano zake, na jalada moja tupu la msahafu, la ngozi ya mbuzi, lenye yale maandishi ya dhahabu yanayomkataza asiye na udhu asiguse. Ndivyo vitu nilivyovifunga kwenye kanga tulipokimbia. Wenzangu walichukua dhahabu.

Kitabu kina karibu miaka mia tano. Maneno yake ni ya Kilatini, siyajui, lakini herufi nazisoma, na chini ya kila picha pana jina. Picha zote ni za wanawake wa kale. Zilichongwa kwenye ubao, ubao ukapakwa wino, ukakandamizwa kwenye karatasi, kisha mtu akatia rangi kwa mkono, mbio mbio, mpaka wekundu wa midomo ukamwagikia kidevuni. Yuko anayefuma nguo. Yuko aliyeshika kioo mkono mmoja na brashi mkono wa pili, anajichora mwenyewe. Yuko binti aliyeingia gerezani kumnyonyesha mama yake anayekufa kwa njaa. Yuko Kleopatra na nyoka wawili, mmoja kila mkono, katulia kama anayepimwa bangili. Na yuko Zenobia, malkia wa Tadmuri, ana taji na upanga, na mdudu wa karatasi kampitia shavuni akaacha tundu dogo la mviringo.

Wasichana wakimaliza mstari wa kofia nawaonyesha picha moja, nao waandike sentensi moja juu yake. Shule ya wasichana mtaani hapa hakuna. Wazee wao wanajua kuwa tunashona, na kweli tunashona.

12 Mei

Kheiria, binti wa Shekhe Marhoon, ana miaka kumi na macho ya mpekuzi wa forodhani. Leo kafunua kurasa mbele na nyuma, akasema, "Bi Muhsina, huyu malkia yumo mara tatu."

Nikamwambia hapana, tazama majina, ni wanawake watatu.

"Majina matatu, mtu mmoja. Tazama kidole hiki kilivyopinda."

Nimekitazama kitabu hiki tangu utotoni, kidole kile sikukiona. Ni kweli. Mchapaji alikuwa na ubao mmoja na malkia watatu, akapiga chapa ileile na kubadilisha jina. Tofauti yao ni tundu tu: la Zenobia lipo shavuni, wenzake mdudu hakuwafikia.

Nilicheka, kisha nikakereka. Na sisi ndivyo tunavyoonwa hapa. Sokoni wanatuita watu wa Zinjibari, sote uso mmoja, na akikosea mmoja tumekosea sote.

13 Mei, Ijumaa

Bi Nasriya, mama mkwe wangu, kafuta vumbi kabati la vitabu, kama kila Ijumaa. Anafuta polepole mno.

20 Mei, Ijumaa

Kafuta tena. Kisha kaniita nimtilie uzi kwenye sindano, eti macho yamekwisha. Macho yamekwisha lakini jana kaona chawa wa mchele kwenye sinia kutoka mlangoni.

Sijui anifikiriaje. Alizaliwa Bahla, akaolewa Unguja, akakaa huko miaka arubaini, na sasa karudi kwao uzeeni bila mume. Haniambii kitu kibaya. Haniambii kitu kizuri pia. Kitabu changu nakiweka chini ya sanduku la nguo, na kila nikitoka chumbani nahisi mtu kaingia.

2 Juni

Yamenifika.

Kheiria kachora ukutani kwao. Si ukuta wa jikoni. Ukuta mweupe wa sebule ya wanaume, penye mito na mabuli ya kahawa, mahali baba yake anapopokea watu wa mtaa. Kachukua kipande cha makaa akamchora malkia wa Tadmuri, taji, upanga na yote, mrefu kuliko yeye mwenyewe. Shekhe Marhoon kaingia na wageni wanne wakamkuta mwanamke anawasubiri.

Mama wa mtoto, Mahbuba, kaja kunieleza kwa mlango wa nyuma. Kheiria aliulizwa kauona wapi mchoro ule, akasema bila kupepesa: kwenye kitabu cha Bi Muhsina.

Harub kaitwa baada ya alasiri. Karudi uso umemshuka. Shekhe Marhoon kamwambia kwamba hakutia saini yake kwa watu wanaoweka masanamu ndani na kuwafundisha wasichana kuyatazama. Harub kamjibu ni kitabu chakavu tu cha marehemu mkwewe, na kitaondoka nyumbani kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo.

"Kitupe," kaniambia. "Si kesho. Kitupe."

Nilimwambia nitakitupa.

3 Juni

Sikukitupa.

5 Juni

Nimejaribu kukitia motoni. Niliwasha jiko, kitabu kikafunuka chenyewe kwenye ukurasa wa yule anayejichora. Nilikaa mbele ya jiko mpaka makaa yakawa jivu. Mama mkwe kapita, kauliza, "Unapika nini?" Nikasema hakuna. Kasema, "Naona."

9 Juni

Tumekwenda Bustan na wanawake wa mtaa kuvuta upepo. Nilikuwa na furushi la magazeti ya zamani nimelifunga kwa kamba na jiwe. Nimelitupa kutoka mwambani mbele ya macho yao wote, limezama bila hata povu.

Jioni Harub kaniuliza. Nikamwambia, "Kipo chini ya bahari ya Bustan." Kanishika mkono, akanishukuru. Hii ni mara ya kwanza kumdanganya tangu tuoane, na sauti yangu haikutetemeka. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

14 Juni

Nimefanya jambo. Naliandika kwa herufi ndogo.

Nimekivika kitabu lile jalada tupu la msahafu. Nimekishona kama baba alivyonifundisha, fungu kwa fungu, gundi ya unga, ulimi wa ngozi umefunika mbele. Uzi mweupe uliniishia, nikamalizia na wa kijani wa kofia. Nimekiweka kabatini pamoja na misahafu miwili ya nyumba hii. Nani atafungua msahafu kutafuta masanamu?

Baba angekuwa hai asingenitazama usoni. Nimeomba msamaha baada ya kila sala. Lakini jalada lilikuwa tupu, najiambia, jalada tupu ni ngozi. Najiambia mara nyingi.

24 Juni, Ijumaa

Bi Nasriya kafuta kabati. Kasimama muda mrefu, mgongo kanipa mimi.

"Muhsina. Misahafu imekuwa mingapi humu ndani?"

"Mitatu, Mama. Mmoja wa marehemu baba."

"Aa," kasema, akaendelea kufuta.

25 Juni

Nina hakika Bi Nasriya ndiye anayempelekea Shekhe Marhoon habari zetu. Nani mwingine?

1 Julai

Joto kama la tanuri la mkate. Tende zimeanza kugeuka rangi mashambani na watu wenye mashamba wamehamia Sib. Mtaa umebaki na sisi maskini na Shekhe Marhoon, ambaye haendi popote mpaka amalize saini zake.

7 Julai

Mimi ni mpumbavu, na leo nimethibitisha.

Kheiria hajaruhusiwa kuja tangu Juni, lakini leo kaja kuazima chungu. Kanikalia jikoni analia kimya kimya. Kasema, "Bi Muhsina, kweli umemzamisha? Na upanga wake?"

Nilikuwa nimwambie kweli, nimemzamisha. Badala yake nikaenda kabatini, nikakifunga kitabu kwa kanga, jalada lisionekane, nikamfunulia ukurasa mmoja. Mtoto kaweka ncha ya kidole kwenye lile tundu la shavu, akacheka huku machozi yanamtoka. Nikamwambia asimwambie mtu.

Nilimtwika siri mtoto wa miaka kumi. Mimi, mwalimu.

12 Julai

Kibali kinakwisha tarehe ishirini.

15 Julai

Bado hajatia saini. Harub anasema mzee ana shughuli nyingi. Nimefunga nguo zetu kwenye sanduku, nikazifungua, nikazifunga.

19 Julai

Watu wamelala, naandika.

Shekhe Marhoon kaja leo baada ya alasiri. Harub kampokea sebuleni, wakanywa kahawa. Mimi na Bi Nasriya tulikuwa ukumbini, nyuma ya pazia, pale lilipo kabati. Mzee aliwahi kukaa Pemba miaka kumi, na Kiswahili chake kinamtoka vizuri akiwa amekasirika.

"Harub, mimi si mtu wa maneno mengi," akasema, kisha akasema maneno mengi. Kwamba wake wa watu wa Zinjibari hawana adabu. Kwamba mke wako anakuendesha. Kwamba marehemu baba yako angekuwa hai angeona haya. Harub kamwongezea kahawa. Mwisho kasema, "Mwanangu anasema kitabu kipo. Kakiona mwezi huu huu. Wewe unasema kiko baharini. Mmoja wenu anadanganya, na mimi siwezi kutia jina langu juu ya uongo. Utaniapia?"

"Ntakuapia," kasema Harub, sauti safi kabisa, sauti ya mtu anayemwamini mkewe. "Mama, tuletee msahafu."

Nilimwona kwa mawazo akiapa kwamba hakuna kitabu cha masanamu nyumbani mwake, mkono juu ya maneno ya Mungu, na kitabu kiko hatua nne kutoka mgongoni mwake. Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema, nakiri kwamba nilitaka. Kisha nikaona sanduku letu na chombo na bahari, nikaufunga.

Bi Nasriya kaenda kabatini. Misahafu miwili ya kweli ilikuwa mbele. Kanyoosha mkono nyuma yake, akautoa wa tatu. Niliuona uzi wa kijani.

"Mama," nikanong'ona, "huo si..."

"Una nini? Nipishe."

Kapita pazia, akauweka juu ya marfaa, kile kibao cha kusomea msahafu, katikati ya wanaume wawili. Nilichungulia kwa upenyo. Shekhe Marhoon kanyoosha mkono kuinua ule ulimi wa ngozi, ili Harub aweke kiganja chake juu ya maandishi. Kidole chake kilikwisha gusa ngozi. Ndani pale, ukurasa wa kwanza, yuko Kleopatra na nyoka zake.

"Una udhu, Shekhe?" kauliza Bi Nasriya.

"Nimetoka msikitini sasa hivi."

"Najua umetoka msikitini. Lakini tangu ukae hapo umemsema mkwe wangu, umemsema mwanangu, umemsema na marehemu mume wangu. Wewe ni Ibadhi mwenzangu, unajua. Kwa madhehebu yetu kumsema mtu kunavunja udhu. Nakuuliza tena, unao?"

Mzee aliurudisha mkono wake kama aliyegusa jiko. Ni kweli; mtoto wa chuoni anaijua hukumu hiyo. Uso ulimwiva.

"Mwanangu hajasema neno la mtu," kasema Bi Nasriya, "udhu wake anao. Aweke mkono juu ya jalada. Jalada latosha."

"Latosha," kasema Shekhe Marhoon.

Harub kaweka mkono, akaapa. Wallahi, billahi, tallahi. Hakuna kitabu cha picha za wanawake katika nyumba hii. Chini ya kiganja chake walikuwa wamelala wote, mfumaji, mchoraji, binti wa gerezani na malkia.

Shekhe Marhoon kaitoa karatasi yetu mfukoni, akatia saini palepale.

20 Julai

Harub kaniletea halua kutoka Matrah. Kasema, "Nilijua umenisikiliza." Nimekula kipande kimoja mbele yake.

Bi Nasriya hajasema kitu. Kaurudisha ule "msahafu" mahali pake, imekuwa mitatu tena. Au hajui alichokichukua, na kama hajui basi Mungu ndiye aliyetunusuru na mimi ndiye niliyemchezea. Au anajua. Sijui lipi baya zaidi.

21 Julai

Sikufikiri juu ya Kheiria. Naandika hapa kwa sababu ni aibu yangu: siku mbili nzima sikufikiri.

Mume wangu kaapa kwamba kitabu hakipo, basi mtoto ndiye muongo. Mahbuba kaniambia dirishani. Baba yake kamfungia chumba cha juu, hatoki mpaka akubali kwamba alisema uongo. Na ule ukuta umepakwa chokaa.

22 Julai

Kheiria hajakubali.

23 Julai

Hajakubali. Joto la chumba kile mimi nalijua, ukuta wetu ni mmoja. Mahbuba anampelekea maji.

25 Julai

Hajakubali. Mahbuba anasema anakaa kimya tu na kuhesabu kwa vidole. Ukuta umepakwa chokaa mara ya pili, kwa sababu ya kwanza ilipokauka makaa yalijitokeza tena.

26 Julai

Nilifika mpaka mlangoni kwao. Niligeuka.

28 Julai

Kheiria kakubali. Kasema kitabu hakipo na hakijawahi kuwapo.

29 Julai, Ijumaa

Bi Nasriya kafuta kabati. Alipomaliza kautoa ule wa tatu, akaniwekea mapajani.

"Shika chako. Baba'ko alinishonea misahafu yangu yote miwili, Unguja. Uzi mweupe. Wa kijani hakutumia hata siku moja."

Nilishindwa kuinua macho. "Mama, ulijua?"

"Tangu siku ulokiweka. Macho n'nayo, mwanangu. Tundu la sindano ndilo linonishinda. Kitabu kizima ntashindwa kukiona?"

"Na hukunambia."

"N'kwambie nini? Siku ile mwanangu alikuwa anakwenda kuapa uongo bila ya kujua. N'singeweza kumzuia mbele ya mtu yule, tungefukuzwa. N'singeweza kumpa msahafu wa Mungu aulalie uongo. N'kampa wako. Kaapa juu ya makaratasi ya Mzungu na ngozi ya mbuzi."

Nilianza kulia. Miezi mitatu nimemwogopa mwanamke huyu, nimemhesabia hatua zake, nimemwita mpelelezi ndani ya daftari hili. Nimemwambia hivyo hivyo, kwamba nilimdhania vibaya. Kasema anajua hilo pia.

Kisha kasema, "Usilie bado. Jalada hili livue leo, usinirejeshee tena jambo kama hili. Nishaomba toba mpaka magoti yanauma. Mume'o mwambie wewe, mimi s'ingii. Na yule mtoto wa watu alosema kweli, leo yeye ndo muongo. Hilo nalo fikiria."

31 Julai

Nimemwambia Harub. Nimemweleza yote, magazeti ya Bustan, jalada, uzi, mama yake.

Kanisikiliza mpaka mwisho. Kasema, "Nimeapa."

Nikamwambia haikuwa msahafu, Mama alileta...

"Mimi sikujua alicholeta Mama. Mimi niliapa, Muhsina."

Akaondoka kwenda kutawadha.

1 Agosti

Kafunga. Ni kafara ya kiapo, siku tatu. Anakwenda Matrah na kurudi katika jua hili bila tone la maji.

2 Agosti

Kafunga. Hasemi nami.

3 Agosti

Kafunga. Midomo imempasuka. Nilimwekea futari, kaila, akasema "Ahsante" kama anayemwambia mpishi wa watu.

7 Agosti

Hasemi.

11 Agosti

Leo wakati wa kahawa ya asubuhi Bi Nasriya kasema, bila kumtazama yeyote, kwamba macho yake yamezidi, na kwamba kamwomba Mahbuba ampe Kheiria aje kumtilia uzi kwenye sindano. Shekhe Marhoon hakukataa. Bibi kizee asiyeona hakataliwi. Mtoto atakuja Jumapili.

"Mtu akichukuliwa chake," kasema, "hurejeshewa."

Nilielewa. Nikakitoa kitabu, kiko uchi bila jalada, nikafungua ukurasa wa malkia wa Tadmuri. Baba hakuwahi kukata ukurasa wa kitabu cha mtu. Alikuwa akisema mshoni anaweza kukifungua kitabu kizima na kukirudisha, lakini akipitisha kisu hakuna kurudi. Na kitabu hiki ni amana, hata sasa si changu. Nilikaa nacho. Nilikitoa kisu chake, na kisu kimekufa makali kwa miaka mitatu ya kulala, kingeipasua karatasi tu.

Harub alikuwa amesimama mlangoni, sikumjua kasimama tangu lini. Kaingia, akakichukua kisu mkononi mwangu, akatoka. Nilisikia kinapita kwenye jiwe kando ya mtungi, mara nyingi, taratibu. Karudi, akakijaribu kwenye unywele wa mkono wake, akakiweka mbele yangu.

Kakaa, akanishikia kitabu kisitikisike.

Nilikata.

14 Agosti

Kheiria kaja. Amekonda. Salamu zake zilikuwa nzuri, za mtoto aliyefundwa, na macho yake hayakunifikia. Kakaa miguuni mwa Bi Nasriya, akamtilia uzi sindano saba, moja baada ya moja. Kisha Bi Nasriya kasema anakwenda kusali, ingawa adhuhuri ilikuwa bado.

Nilimwekea mtoto karatasi magotini.

Hakuigusa. "Hiki hakipo," akasema.

"Kipo, Kheiria."

"Hakipo. Na hakijawahi kuwapo." Aliyasema kama sura aliyohifadhi, kwa sauti ile ile aliyoitoa mbele ya baba yake, na mikono kaiweka nyuma.

Nilijua hapo kwamba tulichomfanyia ni kikubwa kuliko kufungiwa. Nikapiga magoti mbele yake, mimi mtu mzima. Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyesema uongo. Bwana Harub aliapa kwa uongo wangu. Wewe ulisema kweli tangu siku ya kwanza, na mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikanyamaza. Nisamehe."

Alinitazama kwa mara ya kwanza. Kisha mkono mmoja ukatoka nyuma, ncha ya kidole ikalitafuta tundu la shavu, ikalipata.

"Baba kapaka chokaa mara tatu," akasema. "Anaonekana bado. Kidogo."

Kaiinua karatasi, akaiweka usoni, jicho kwenye lile tundu. Nikaona jicho moja jeusi likinitazama kutoka shavuni mwa malkia.

"Nnakuona, Bi Muhsina."

"Najua," nikamwambia.

Tumeishona karatasi ndani ya bitana ya mkoba wake wa kushonea, yeye na mimi, kwa uzi wa kijani. Akataka daftari. Wasichana wangu wakionyeshwa picha huandika sentensi moja, na yeye alikuwa anadaiwa ya malkia tangu Mei. Kafungua ukurasa wa mbele, kalamu kaishika kwa nguvu, akaandika sentensi mbili.

Malkia yupo. Nilimwona mimi.

Mwalimu hutia alama nyekundu pembeni. Sentensi zake nimeziacha kama alivyoziandika.